Kikohozi Kisicho cha Kifua Kikuu: Tusikipuuze

Mwezi Julai ukungu hushuka Machame na kutanda juu ya migomba na mibuni tangu alfajiri. Apitaye kando ya bweni la shule usiku wa majira hayo atasikia vikohozi. Aghalabu ni vya mafua, navyo hupita. Lakini huenda akawamo mwanafunzi ambaye kikohozi chake ni kikavu, humwamsha saa tisa za usiku, humshika tena akimaliza kukimbia uwanjani, na hakimwachi kwa miezi miwili au mitatu. Wenzake huvisogeza vitanda vyao mbali naye. Makala haya yanamtetea mwanafunzi huyo.

Ninayo sababu ya kumtetea, kwani nami nilikuwa kama yeye. Nilipokuwa kidato cha pili, makohozi machache niliyoweza kuyatoa yalipimwa, na vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana. Nikapewa vidonge vya antibayotiki. Vilipokwisha nikapewa vingine, kisha vingine tena. Mwishowe nilirudishwa nyumbani nikae hadi nipone, nikapoteza muhula mzima. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, pale baridi ilipokiamsha kikohozi kile kile. Daktari alinivutisha mvuke wa dawa inayochokoza njia za hewa, akaipima pumzi yangu, akatamka kwamba nina pumu.

Nilishangaa, maana tumezoea kuitambua pumu kwa kifua kinacholia kama filimbi na kwa mtu anayehema. Kumbe iko pumu ambayo dalili yake kuu, na pengine ya pekee, ni kikohozi. Mwaka 1979 madaktari Corrao, Braman na Irwin wa Marekani walieleza habari za wagonjwa wa namna hiyo katika jarida la *New England Journal of Medicine*, nao walipata nafuu kwa dawa za kutanua njia za hewa. Katika makala haya tutaiita pumu ya kikohozi.

Ndani ya mapafu ya mgonjwa huyu ngozi laini ya njia za hewa imevimba na kuwa nyepesi kuchokozeka. Hewa baridi, moshi, vumbi au mbio huichokoza; misuli inayozizunguka njia hizo hujikaza, na mishipa ya fahamu hutoa amri ya kukohoa. Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kwamba kiowevu kinapotiririka kwa utulivu katika mrija, kiasi kipitacho hutegemea nusukipenyo kilichopigwa kipeo cha nne. Nusukipenyo kikipungua kuwa nusu, na msukumo ukabaki ule ule, kiasi kipitacho hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Hivyo hata uvimbe mdogo si jambo dogo.

Yawezekana msomaji akauliza: je, si hatari kuwaambia watu kwamba kikohozi kirefu ni pumu? Swali hili ni la haki, hasa mkoani Kilimanjaro. Kwenye miteremko hii hii, upande wa magharibi, iko Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Mpango wa taifa wa kupambana na ugonjwa huo, ulioanzishwa mwaka 1977 kwa msaada wa Dakta Karel Styblo, ulikuja kuwa mfano kwa mataifa mengine. Mafanikio hayo hayapasi kubomolewa. Kikohozi kilichozidi wiki mbili sharti kipimwe kifua kikuu kwanza. Hoja yangu inaanzia pale kipimo kinapoonyesha kwamba hakuna kifua kikuu. Jibu hilo lisichukuliwe kuwa mwisho wa uchunguzi, na antibiyotiki zisitolewe mara kwa mara pasipo dalili ya maambukizi ya bakteria, kwa kuwa haziponyi pumu, bali huwazoeza bakteria kuzishinda.

Lifanyike nini basi? Kwanza, kila zahanati ipatiwe kile kifaa kidogo cha mrija kinachopima kasi ya juu ya pumzi itolewayo kwa nguvu. Hakihitaji umeme. Mgonjwa hupuliza asubuhi na jioni kwa wiki mbili, na vipimo vinavyopanda na kushuka sana huashiria pumu. Ni kweli kwamba katika pumu ya kikohozi vipimo vyaweza kuwa vya kawaida. Hapo daktari anaweza kumjaribu mgonjwa kwa dawa ya steroidi ya kuvuta kwa wiki kadhaa, aone kama kikohozi kitatulia.

Pili, dawa hiyo isiogopwe. Wengi husema kwamba anayeanza kuvuta dawa hataiacha tena. Ukweli ni kwamba kipimo chake ni cha mikrogramu tu, nacho huenda moja kwa moja mahali penye uvimbe. Mgonjwa asukutue kinywa baada ya kuivuta. Dawa ya kutanua peke yake hutuliza kwa saa chache na kuuacha uvimbe palepale. Asiyeweza kununua chombo cha kuvutia dawa asikate tamaa: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vizuri, huwafaa watoto sawa na chombo cha dukani.

Tatu, tuyatazame majiko yetu. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha humchokoza mgonjwa kila jioni. Bomba la moshi na kuni zilizokauka vema ni sehemu ya tiba.

Ndugu walimu, mwanafunzi akohoaye usiku msimtenge wala msimfukuze. Andikeni siku alizokohoa, saa na kilichomchokoza, kisha mpelekeni hospitali pamoja na daftari hilo. Kwa daktari, daftari la namna hiyo lina thamani kubwa. Kwangu mimi lingeokoa muhula mmoja.