Siku Moja Kati ya Saba: Barua ya Sabato na Kazi kutoka Minnesota

Kwa watu wa Gatwekera,

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 27, humpa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haisemi ni siku gani. Pengo hilo dogo ndilo linalowaumiza Wasabato wanaotafuta kazi Nairobi, kwa sababu siku wasiyokubali kuiuza, Jumamosi, ndiyo waajiri wengi huihitaji.

Gatwekera iko upande wa magharibi wa Kibera, na wengi wa wakazi wake wana asili ya Nyanza. Waadventista Wasabato walifika Nyanza mwaka 1906, pale Arthur Carscallen na Peter Nyambo walipofika Kendu Bay na kuanzisha misheni ya Gendia. Kutoka hapo kanisa lilienea Uluoni na Ugusii, na waliohamia mjini kutafuta riziki walikuja nalo. Sabato huingia Ijumaa jua linapotua, ikatoka Jumamosi jua linapotua. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo saa hiyo haisogei sana: mwaka mzima huwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo jioni. Anayetoka kazini Industrial Area saa kumi Ijumaa ana muda wa kutembea hadi nyumbani, kuoga na kufungua Sabato na jamaa yake. Anayetoka saa kumi na mbili Sabato humkuta njiani.

Waumini wengine wa Kibera nao wana siku zao. Mtaa wenyewe ulianzishwa na askari Wanubi wa King's African Rifles, Waislamu, ambao wajukuu wao bado wako katika kijiji chake cha Makina. Swala ya Ijumaa huhitaji saa moja hivi ya mchana, na mwajiri mwenye nia hupata njia ya kuipisha. Mkristo wa Jumapili hufaidika na desturi, maana ofisi na viwanda vingi hufunga siku hiyo, ingawa mlinzi wa geti na mhudumu wa hoteli hawana bahati hiyo. Msabato huomba siku nzima, tena siku ambayo mji uko kazini.

Ugumu hutofautiana kwa aina ya kazi. Kwenye mjengo Jumamosi mara nyingi ndiyo siku ya malipo, kwa hiyo fundi asiyefika hukosa ujira wa siku moja na hungoja ujira wa wiki nzima hadi Jumatatu, au humtuma mwenzake na kumwamini. Kwa mama fua, Jumamosi ndiyo siku wenye nyumba za Kilimani na Lang'ata wako nyumbani na nguo zimerundikana. Walinzi huwekwa kwenye zamu za saa 12, na ratiba hupangwa na mtu asiyewajua kwa majina. Langoni mwa kiwanda hakuna hata ratiba. Mnyapara huchagua kwa kidole asubuhi, na asiyeonekana Jumamosi iliyopita hupitwa Jumatatu. Huo ni ubaguzi usioacha karatasi, na kwa sababu hiyo ndio mgumu kuliko wote kuuthibitisha.

Katiba ya 2010 iko wazi. Ibara ya 32 inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya dini yake, na inakataza pia kumlazimisha kutenda jambo linalopingana na imani yake. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakwenda mbali zaidi: kinamkinga hata anayeomba kazi, kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kuzunguka, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea kinamtwika mwajiri. Kifungu cha 46 kinasema dini si sababu halali ya kumfukuza mtu. Mwajiri naye ameachiwa mlango mmoja, kwamba si ubaguzi kumchagua au kumwacha mtu kwa kigezo ambacho kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hicho. Hospitali haifungwi Jumamosi, na hilo halibishaniwi. Lakini karani wa stoo ambaye hesabu zake zinaweza kufanywa Jumapili asubuhi hana sababu ya kuambiwa kwamba kazi yake haiwezekani bila Jumamosi.

Mahakama zimeonyesha mwelekeo, ingawa kupitia shule. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Kanisa la Waadventista Wasabato kwamba wanafunzi wao wasilazimishwe kuhudhuria masomo siku ya Sabato, baada ya Mahakama Kuu kuwa imekataa ombi hilo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamuru msichana wa dini ya Rastafari, aliyekuwa amezuiwa katika shule ya sekondari ya Kibera kwa ajili ya nywele zake, arudi darasani. Hoja iliyobeba kesi hizo inafaa kazini pia: kanuni inayomhusu kila mtu inaweza kumwonea mmoja, na mwenye mamlaka anapaswa kuipisha imani pale inapowezekana.

Marekani ilichukua muda mrefu kufika hapo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyorekebishwa mwaka 1972, inawataka waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi waipishe dini ya mfanyakazi isipokuwa pale inapowaletea shida isiyostahili. Mwaka 1977, katika kesi ya Hardison, mshika Sabato aliyefanya kazi katika shirika la ndege la TWA, Mahakama ya Juu iliitafsiri shida hiyo kuwa gharama yoyote iliyozidi kiwango kidogo sana. Tafsiri hiyo iliwanyima waumini kinga kwa miaka 46. Ilibadilika tarehe 29 Juni 2023 katika kesi ya Gerald Groff, tarishi wa Pennsylvania aliyekataa kusambaza vifurushi vya Amazon siku ya Jumapili. Majaji wote 9 walikubaliana kwamba mwajiri lazima aonyeshe mzigo mkubwa, ukilinganishwa na biashara yake nzima. Na tangu kesi ya mwombaji kazi Samantha Elauf ya mwaka 2015, mwajiri hawezi kumwacha mtu ili akwepe wajibu huo.

Hata hivyo sheria nzuri haizuii ugomvi. Mwishoni mwa 2015, katika kiwanda cha nyama cha Cargill huko Fort Morgan, Colorado, wafanyakazi wapatao 150, wengi wao Wasomali, walifukuzwa baada ya mvutano juu ya nafasi ya kuswali. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kuwalipa dola milioni 1.5.

Minnesota, ambako Wagusii wengi wamelowea na makanisa yao ya Kisabato, kazi inayowapokea wageni ni ya kutunza wazee, na nyumba nyingi za wazee hudai kila mfanyakazi ashike zamu kila wikendi ya pili. Desemba jua hutua kama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo hata zamu ya mchana ya Ijumaa huingia katika Sabato. Juni hutua saa tatu usiku. Wanaofanikiwa ni wale wanaosema siku yao kabla ya kutia sahihi na kujitolea kushika Jumapili zote, siku ambayo wenzao hawaitaki.

Njia hiyo inawezekana Nairobi pia, na ina siri moja ya kimahesabu. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya huweka saa 52 za kazi katika siku 6, na kazi ya siku ya mapumziko hulipwa maradufu. Mkataba ukitaja Jumapili kuwa siku ya ofu, Msabato anayejitolea kuja Jumapili anamgharimu mwajiri mara mbili, na atakataliwa. Mkataba ukitaja Jumamosi, Jumapili yake ni siku ya kawaida na hakuna shilingi inayoongezeka. Neno hilo moja huandikwa siku ya kuajiriwa, kwa sababu baadaye huonekana kama upendeleo.

Kibarua hana mkataba wa kuandikia neno hilo, lakini hayuko nje ya sheria daima. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa wa mwezi. Kwa hiyo watu wa Gatwekera wanaombwa waandike kwenye daftari kila siku waliyofanya kazi, mahali, na jina la mnyapara. Aliyefukuzwa kwa sababu ya Sabato ana miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, na hahitaji wakili.