Usiku ni Wetu, Mchana si Wetu

Liko neno moja katika vijiji vyetu vya bonde la Kyela ambalo twalisema bila kuona haya, nalo ni hili: "Huyo mbwa si wetu." Leo twataka kulipinga neno hilo. Walakini haifai kuwaonya wengine kabla ya kuungama letu, maana tuliolisema ni sisi.

Kila masika mito yetu, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, hufurika, hata mashamba ya mpunga yakafanana na ziwa. Watu huhama na vyombo vyao, na mbwa hupotea. Katika masika moja alitujia mbwa wa namna hiyo, mwekundu, mwembamba, mwenye kipande cha kamba shingoni. Kamba ile ilitushuhudia ya kuwa anaye mwenyewe mahali. Watoto walimwonea huruma, wakamtupia ukoko wa wali na vichwa vya usipa. Tukasema, "Na akae kwa muda." Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sisi tulimpa jembe lake usiku wa kwanza, maana alilala chini ya kichanja cha kokoa, akambwekea kila aliyepita. Wezi wakakoma, nasi tukafurahi.

Lakini hatukumfunga, wala hatukuuliza habari za mwenyewe, wala hatukwenda kwa bwana mifugo. Mwezi wa pili akamwuma mtoto wa jirani aliyekuwa akienda shuleni. Mama yake akaja, akasema kwa heshima, "Baba, mbwa wenu amemwuma mwanangu." Nasi tukamjibu, "Mama, huyo si wetu, ni wa kupita tu." Tulisema hivyo, na chombo alichokuwa akilia mbwa kiko mlangoni petu.

Vijana wakampiga mbwa hata akafa, wakamtupa mtoni. Wengi waliona kuwa ni haki, kumbe ilikuwa hasara. Waganga wafundisha ya kwamba mbwa aliyemwuma mtu, akionekana mzima, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima hata mwisho wa siku hizo, yajulikana ya kuwa kichaa hakikuwamo mateni mwake alipouma. Lakini yule amekwisha kufa na kuchukuliwa na maji, nani angejua? Basi mtoto alioshwa jeraha kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, akapelekwa hospitali, akadungwa sindano zote. Ni mzima hata leo, ashukuriwe Mungu. Baba yake aliuza mpunga wa chakula ili apate nauli na gharama. Sisi, ambao kokoa yetu ililindwa, hatukutoa hata senti.

Je! tulikuwa tukicheza na jambo gani? Kichaa cha mbwa kikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika; na katika watu 10 waumwao na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, kama 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Wala kinga yake si jambo geni. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomdunga huko Paris mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa, dunia imeijua njia. Tulilokosa si elimu, bali ni mtu wa kusema, "Mbwa huyu ni juu yangu."

Wengine watasema, "Mbwa mmoja ana nini?" Na watazame Pemba. Baada ya mwaka 2010 mbwa wa kisiwa kile walianza kuchanjwa mwaka hata mwaka. Ugonjwa ukapungua, na mwezi wa Mei 2014 ukakoma. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingizwa tena kisiwani mara mbili, ukaenea. Iliwapasa kurudia kuwachanja mbwa wa kisiwa kizima, hata ukakoma mara ya pili mwezi wa Oktoba 2018. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa hivyo, sembuse bonde letu, ambalo mbwa huingia kwa kila njia?

Wengine watasema, "Sisi ni maskini, chakula cha watoto hakitoshi, tutawezaje kutunza mbwa wa watu?" Neno hilo ni la kweli, wala hatumlazimishi mtu. Asiyeweza na amwarifu mwenyekiti wa kitongoji na bwana mifugo siku ile ile. Twampinga yule amlishaye usiku ili alindiwe mali yake, na kumkana mchana ili asidaiwe. Huyo hakufanya huruma. Ameajiri mlinzi bila mshahara, na hatari yake amewaachia watoto wa jirani.

Someni Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, habari za mnyama wa ndugu aliyepotea. Mwenyewe asipojulikana, yatupasa kumweka nyumbani hata atakapotafutwa, kisha kumrudisha. Kumweka kwa muda kuna sheria yake: afungwe kamba, habari zake zitangazwe sokoni Ipinda na Kyela, na kanisani baada ya ibada, achanjwe, na anapoondoka, akabidhiwe mtu mbele ya watu, wala asiachiliwe njiani gizani.

Sisi tulikwenda baadaye kwa mama yule, tukaungama, tukarudisha thamani ya mpunga wake. Alipokea, asiseme neno. Watoto wake hawapiti tena uani petu, wala hatuwalaumu.

Basi, ndugu, tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kabla ya siku hiyo kila nyumba na ihesabu mbwa waliokula kwake mwezi ule, wenye kwao na wasio na kwao, na wote wapelekwe kwa bwana mifugo wakachanjwe. Akiulizwa mtu, "Huyu ni wa nani?" na ajibu, "Amekula kwangu, niandikeni mimi."