Mshikaji wa kwenye kopo

Wenzangu hapa Ihanda wanafuga mbwa, mimi nafuga buibui mrukaji. Usicheke! Ana macho manane, hategi utando. Ananyatia nzi, anamrukia fasta. Nyumba yake kopo lenye matundu, maji tone moja tu.

Kasheshe ni mama mwenye nyumba. Kashika ndala, anadai huo uchawi. Nikamsimulia ndugu yake huyu, Evarcha culicivora wa kandokando ya Ziwa Viktoria: mwaka 2005 watafiti waliandika kwamba anapenda mbu walioshiba damu.

“Na wako anakula mbu?”

“Wa kwangu wa nzi, mama.”

Kanipa hadi Jumamosi: kopo litoke, au nitoke nalo. Msomaji, kwako kuna chumba?