Jack Bauer ametuchosha? Mabishano yetu ya siku ya posho



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya makala, namna ya kupika maharagi bila kumaliza nusu ya mfuko. Mtusamehe, makala yatangoja. Siku ya posho tulikutana kwa likelemba. Hesabu ya pesa ilichukua dakika kumi. Kisha tukabishana saa mbili nzima juu ya mtu asiyekuwako, Jack Bauer wa televizyo. Mama mmoja wa Bongonga, aliyesema tangu mlangoni kwamba hakai sababu sombe yake haijatwangwa, ndiye aliyetoka wa mwisho. Tukaona kwamba jambo linalotushika namna hii linafaa kufika kwenye ukurasa huu, na mbele zaidi mtaona kwamba halikuishia kwenye kicheko.

Kwa mama ambaye hamjui: mchezo unaitwa 24, na wengi wetu tunauita kwa jina lake la Kifaransa, 24 heures chrono. Ulianza Marekani tarehe 6 mwezi wa 11 mwaka 2001. Kiefer Sutherland anacheza kama Jack, mpelelezi wa serikali anayewafukuza wauaji na watega mabomu. Kila sezoni ni siku moja tu, sehemu 24, kila sehemu saa moja, na saa yenyewe inahesabu kwenye skrini. Sezoni zilikuwa nane, mpaka mwezi wa 5 mwaka 2010, halafu mwaka 2014 ikarudi kwa sehemu 12. Kijana wa mmoja wetu huko Bel-Air anazo zote kwenye flash, na hiyo flash imekuwa ikizunguka lupango kwa lupango. Umeme ukiwako tunaangalia, ukikatika tunabishana.

Tena anayeangalia kwenye flash anagundua kitu. Saa ya Jack haifiki dakika 60, inaishia 40 na kitu, sababu matangazo ya biashara yameondolewa, na saa ya kwenye skrini inaruka. Mama wa Bongonga anasema sasa ameelewa kwa nini Jack hali wala haendi chooni: anafanya hayo yote wakati wa matangazo.

Basi swali lilikuwa hili: hadithi iliharibika, au ni sisi tuliochoka? Na kama iliharibika, iliharibika wapi?

Kundi la kwanza, na humo kuna mabibi wawili, lilisema haikuharibika hata kidogo. Risasi zipo, wasaliti wapo, rais yuko hatarini, mnataka nini tena? Kundi la pili lilisema kasoro ilikuwamo tangu mwanzo. Walikumbusha sezoni ya 1, pale Teri, mke wa Jack, anapopoteza kumbukumbu ghafla na kutembea hajui yeye ni nani, kama kwenye novela. Walikumbusha na sezoni ya 2, pale Kim, binti yake, ananaswa na mtego msituni, na chui wa Amerika anamzunguka. Tulicheka mpaka machozi. Hakuna aliyeweza kueleza yule mnyama alikuwa na kazi gani na bomu lililokuwa linatafutwa mjini.

Kundi la tatu, lililokuwa kubwa kuliko yote, lilisema shida yenyewe ni sezoni ya 6, ya mwaka 2007. Na hawa walikuwa na sababu nzuri, kwa hiyo tunaziandika.

Kwanza walirudi nyuma. Sezoni ya 1 ilitushika kwa nini? Si kwa ajili ya bomu. Ni sababu Jack alikuwa na nyumba, na nyumba yake ilikuwa inavunjika. Mke na binti wametekwa, na yeye anakimbia kumwokoa Seneta David Palmer, Mweusi anayetafuta kuwa rais. Mwishoni anashinda yote, halafu anarudi na kumkuta Teri ameuawa na Nina, mtu aliyefanya naye kazi na kumwamini. Mama mmoja alisema usiku ule hakulala, akawa anamtazama mume wake akikoroma. Ushindi ule ulikuwa na bei, na Jack alilipa. Sezoni ya 5 vilevile: tulipoteza watu tuliowapenda. Ndiyo iliyopata tuzo kubwa ya Emmy mwaka 2006, na Sutherland akapata yake.

Halafu ikaja ya 6. Katika sehemu ya 4 tu bomu la nyuklia linalipuka karibu na Los Angeles. Sisi tulishika vichwa. Tukasema sasa kutakuwa na kilio cha nchi nzima. Lakini saa chache baadaye watu wako ofisini wanagombana juu ya kompyuta, kama vile hakuna aliyekufa. Kisha inaonekana kaka yake Jack ni mhalifu, kisha baba yake naye ni mhalifu mkubwa zaidi. Ni kama mtu aliyekosa nyama kwenye sufuria, akaongeza pilipili, kisha akaongeza pilipili tena. Na katika ya 7 wakamrudisha Tony Almeida, ambaye tulimwona akifa mikononi mwa Jack katika ya 5! Mama mmoja aliuliza: «Basi kile kilio tulikaa bure?» Kama marehemu anaweza kurudi kazini, nani atalia tena mbele ya ile televizyo?

Hapo ndipo wengi walipokubaliana. Hadithi haikuharibika kwa kukosa mabomu. Iliharibika pale mabomu, vifo na mateso vilipoacha kuwa na bei.

Tulipolitaja neno mateso, mama mwenye flash akanyamaza. Kisha akatueleza jambo lililotokea kwake, na ametupa ruhusa tuliandike bila jina lake.

Kwake zilipotea franka elfu 40, pesa za likelemba, zilizokuwa chini ya godoro. Kabla hajarudi kutoka soko, wavulana wake watatu, mkubwa ana miaka 15, waliamua kufanya uchunguzi. Walimchukua mtoto wa ndugu aliyekuja kukaa nao, ana miaka 9, wakamfungia kwenye jiko la nje. Waliweka simu mbele yake ikihesabu dakika, mmoja akapiga kelele, mwingine akamkunja mkono. Dakika ya tano mtoto akakubali kwamba ni yeye aliyeiba. Wakamwuliza pesa ziko wapi. Akasema alinunua biskuti. Wakakunja tena. Akasema alimpa rafiki. Wakakunja tena. Akasema alizitupa chooni.

Pesa zilikuwa zimefungwa kwenye kikwembe cha bibi. Mvua ilikuwa inavuja juu ya kitanda, naye bibi alizihamisha ili zisilowe. Hakuna aliyemwuliza.

Mama aliporudi na kuuliza wale wavulana kwa nini walifanya vile, mkubwa alijibu kwa moyo mweupe kabisa: «Mama, si Jack anafanya hivi na anapata jibu? Wewe mwenyewe unapigaga makofi.» Mama alituambia kwamba hakuwa na la kumjibu, sababu ni kweli. Sisi nasi tulikaa kimya, maana wengi wetu tulipiga makofi. Yule mdogo alikaa siku mbili akila bukari yake peke yake nyuma ya nyumba, bila kusema na mtu.

Wamama, hatukuwa wa kwanza kuona jambo hili. Huko Marekani shirika moja la wazazi liliketi likahesabu: katika sezoni tano za kwanza, walipata matukio 67 ya kutesa watu. Na mwezi wa 11 mwaka 2006, Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo katika chuo cha kijeshi cha West Point, alifunga safari mpaka kwa watengenezaji wa mchezo, pamoja na watu ambao kazi yao ya kweli ni kuhoji wafungwa. Aliwaomba waache. Aliona vijana wake wanajifunza kutoka kwa Jack kwamba mzalendo ni yule anayevunja sheria, na wale wahojaji walieleza kwamba mateso si njia ya kupata ukweli. Hata mkubwa wa waandishi, Howard Gordon, alikubali mwanzoni mwa 2007 kwamba kitu kilichokuwa kinawashtua watazamaji sasa kimekuwa cha kawaida.

Basi tukaona mambo mawili yameungana. Mwandishi akichoka kutafuta njia ya akili, anampa Jack mtu wa kumfunga kwenye kiti. Mtu huyo atasema kweli, tena kwa wakati, sababu mwandishi ndiye aliyeficha bomu na anajua liko wapi. Katika ya 6 Jack anamtesa hata kaka yake wa tumbo moja. Lakini mtoto wa jikoni hakujua pesa ziko wapi. Hakuwa na ukweli wa kutoa, kwa hiyo alitoa uongo, mmoja baada ya mwingine, ili mkono wake uachiwe. Kitu kilekile kilichoharibu hadithi ndicho kilichomwumiza mtoto.

Ni haki pia kusema kwamba waandishi walijaribu kujirekebisha. Mgomo wa waandishi wa Marekani, kuanzia mwezi wa 11 mwaka 2007 mpaka wa 2 mwaka 2008, ulichelewesha sezoni ya 7. Kabla yake wakatoa filamu ya saa mbili, 24: Redemption, iliyoonyeshwa tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 2008, na kupigwa picha Afrika Kusini. Humo Jack yuko katika nchi ya Afrika isiyo kwenye ramani, Sangala, kwenye shule ya rafiki yake. Askari wa Jenerali Juma wanakuja kuwachukua wavulana ili wawape bunduki. Kiongozi wao, Kanali Dubaku, anachezwa na Hakeem Kae-Kazim, yule tuliyemwona katika Hotel Rwanda.

Hapo hatukucheka. Wale kati yetu waliokuwako mwezi wa 4 mwaka 1997, AFDL ilipoingia Lubumbashi, wanawakumbuka kadogo, watoto waliobeba bunduki ndefu kuliko miguu yao. Mama mmoja alisema aliwapa maji ya kunywa mlangoni, na mmoja akamwita mama. Tuliudhika kwamba nchi yetu inakuwa Sangala tu, na Juma, jina tunalolijua vizuri, linakuwa jina la mwuaji. Lakini filamu ile ilituhusu. Rafiki wa Jack anakufa kwenye bomu la ardhini akiwaokoa watoto, na Jack, aliyekuwa anakimbia wito wa Seneti, anajitoa kwa watu wa ubalozi wa Marekani ili wavulana wafunguliwe geti. Bei imerudi. Na sezoni ya 7 inaanza Jack ameketi mbele ya maseneta, anaulizwa juu ya watu aliowatesa. Hata kundi la tatu lilikubali kwamba hadithi ilipata nguvu tena pale. Mpaka Tony alipotokea, basi mabishano yakaanza upya.

Sasa tufanye nini? Hatukuamua kuitupa flash. Ukiiondoa kwako, mtoto ataangalia kwa jirani, na huko hutakuwako. Tuliamua mambo matatu. La kwanza, tunaangalia pamoja nao, na wadogo chini ya miaka 12 wanakwenda kulala kabla ya saa ya Jack. La pili, sehemu ikiisha tunauliza: nani ameumia leo, na je, hadithi imemkumbuka? Yule aliyeteswa, kama asingejua kitu, angejibu nini? Watoto wanajibu vizuri kuliko sisi. La tatu, tunaacha kupiga makofi mtu akifungwa kwenye kiti.

Na mama mwenye flash alifanya la nne kwake. Aliwaita wale wavulana watatu, akamketisha mdogo katikati, na kila mmoja akamwomba msamaha kwa jina, mbele ya bibi. Kisha bibi akamkabidhi mdogo kile kikwembe alichofungia pesa, awe mlinzi wake mpaka siku ya likelemba. Alikuja nacho siku ya posho, amekishika kwa mikono miwili. Pesa zilikuwa kamili.

Wanachama wanaopinga yale tuliyosema juu ya sezoni ya 6, leteni sababu zenu kwenye mkutano, tutawasikiliza. Wanaomtetea chui, leteni na viti, tutachelewa.

Juma lijalo, makala na maharagi. Safari hii ni kweli.