Majaji wa mitindo wawaulize wanafunzi kuhusu kitambaa, si gauni pekee

MWAKA wa masomo unapokaribia kufungwa, kumbi za vyuo vinavyofunza ubunifu wa mavazi hugeuka majukwaa ya maonyesho. Taa hufifishwa, muziki hurindima, na wanamitindo, wengi wao wakiwa wanafunzi wenyewe, hupita wakiwa wamevalia kazi iliyowanyima wenzao usingizi kwa majuma mengi.

Mbele ya jukwaa huketi majaji watatu au wanne. Aghalabu hawa ni wabunifu waliokwisha kujijengea jina, wahadhiri, wenye maduka ya nguo na wahariri wa kurasa za mitindo. Mikononi wana karatasi za alama: upya wa wazo, ustadi wa mshono, uwiano wa rangi, na iwapo vazi lenyewe laweza kuvaliwa na mtu anayeabiri matatu kwenda kazini.

Kisha huja kipindi ambacho wanafunzi hukingojea pengine kuliko matokeo yenyewe. Majaji hueleza wao hupata wapi mawazo yao. Mmoja atamtaja nyanya yake aliyekuwa akisuka viondo, mwingine atazitaja rangi za sokoni, wa tatu safari aliyoifanya ujanani. Naye mwanafunzi huulizwa swali lilo hilo: wazo hili ulilitoa wapi?

Ni swali zuri. Hata hivyo, lina pacha wake ambaye huachwa nje ya ukumbi: kitambaa hiki nacho ulikitoa wapi?

Swali hilo la pili ndilo linaloamua iwapo shindano la mitindo litaacha kazi na riziki, au litaacha makofi na picha tu. Kuelewa ni kwa nini, inafaa kulitazama shindano ambalo wapenzi wa mitindo hulitaja mara kwa mara bila kukumbuka lilianzishwa kwa sababu gani.

Sufu iliyowainua vijana wawili

Mwaka wa 1954, jijini Paris, vijana wawili waliibuka washindi katika shindano la ubunifu. Yves Saint Laurent, mzaliwa wa Oran nchini Algeria aliyekuwa na umri wa miaka 18, alitwaa tuzo ya gauni. Karl Lagerfeld, Mjerumani wa miaka 21, alitwaa tuzo ya koti. Miongoni mwa majaji walikuwa Pierre Balmain na Hubert de Givenchy, mafundi waliokuwa na sauti kubwa katika mitindo ya Ufaransa.

Yaliyofuata yanajulikana. Balmain alimwajiri Lagerfeld. Saint Laurent alichukuliwa na Christian Dior mwaka wa 1955, na Dior alipofariki mwaka wa 1957, kijana huyo akakabidhiwa usukani wa jumba hilo akiwa na miaka 21.

Kinachosahauliwa ni mwandalizi. Shindano lile liliandaliwa na Sekretarieti ya Kimataifa ya Sufu, shirika lililoundwa mwaka wa 1937 na wafugaji wa kondoo wa Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Wafugaji hao hawakuwa na haja na ulimbwende kwa ajili ya ulimbwende. Walitaka sufu yao inunuliwe, hasa wakati ambapo nyuzi za viwandani zilikuwa zikiwanyang'anya soko. Wakang'amua kwamba njia ya kumfikia mnunuzi ni kumpa kijana mwenye kipaji sufu na penseli, kisha kuwaalika mabingwa waje wamhukumu.

Kwa maneno mengine, nyuma ya gauni kulikuwa na kondoo, na nyuma ya kondoo kulikuwa na mfugaji aliyejua anachokitafuta. Swali kwa Kenya ni jepesi kuuliza ingawa ni gumu kujibu: nyuma ya magauni ya wanafunzi wetu kuna nani?

Mfano wa karibu

Wapo watakaosema kwamba Paris si Nairobi, na ni kweli. Basi tutazame barani.

Mwaka wa 2010, Laduma Ngxokolo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, sasa Gqeberha, nchini Afrika Kusini. Miongoni mwa Waxhosa, kijana anayetoka jandoni huacha nguo zake za utotoni na kuvaa mpya za heshima, zikiwemo sweta. Hilo msomaji wa Bungoma au Meru hahitaji kufafanuliwa uzito wake.

Ngxokolo aliona kasoro moja: sweta walizovaa vijana hao wakati wa kuingia utu uzima zilikuwa na nakshi za ng'ambo. Akaamua kuzifuma upya kwa nakshi za shanga za Waxhosa. Muhimu zaidi, alitumia sufu ya kondoo na manyoya ya mbuzi wa angora wanaofugwa nchini mwake, katika nchi ambayo ni mzalishaji mkuu wa manyoya hayo duniani. Kazi hiyo ya mwanafunzi ilishinda shindano la kimataifa la ubunifu jijini London mwaka uo huo, na ikawa chimbuko la kampuni yake, MaXhosa.

Miaka tisa baadaye, mwaka wa 2019, Thebe Magugu, mzaliwa wa Kimberley aliyesomea Johannesburg, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Tuzo ya LVMH nchini Ufaransa, yenye zawadi ya Euro 300,000. Naye alichota nyumbani: mkusanyiko wake mmoja uliwaenzi wanawake wa Black Sash waliopinga ubaguzi wa rangi, na mwingine ulisimulia habari za majasusi wa kike wa enzi hiyo hiyo.

Wawili hawa hawakushinda kwa kuwa walivaa "Uafrika" kama pambo. Waliweza kujibu maswali yote mawili, la wazo na la malighafi au historia iliyolizaa.

Uzi uliokatika

Nchini Kenya, uzi huo ulikatika. Katika miaka ya 1970 na 1980, pamba ililimwa Nyanza, Magharibi, Pwani, Mashariki na Bonde la Kerio. Ilisokotwa na kufumwa katika viwanda kama Kicomi mjini Kisumu, Rivatex mjini Eldoret na Mountex mjini Nanyuki. Mwanafunzi wa ushonaji wa wakati huo angeweza kununua kitambaa kilichotoka katika shamba la mjomba wake.

Miaka ya 1990 ilileta ulegezaji wa biashara. Usimamizi mbaya na malipo duni kwa wakulima yalikuwa yamekwisha kuidhoofisha sekta hiyo, na marobota ya mitumba yakaja kuikamilisha kazi. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, na ikazinduliwa upya mwaka wa 2019 baada ya kuwekewa mitambo mipya, lakini kiwanda hakiwezi kula hotuba. Kinahitaji pamba, na mkulima aliyeumizwa mara moja harudi shambani kwa kuitwa tu.

Hata nguo zilizoshonwa katika viwanda vya Athi River kwa soko la Marekani, chini ya mpango wa AGOA ulioanza mwaka wa 2000, kwa sehemu kubwa zilitumia vitambaa vilivyoagizwa kutoka Asia. Tulibakia na mkono wa kushona, tukaupoteza ule wa kufuma.

Ndiyo sababu jukwaani mwanafunzi husifiwa kwa "mguso wa Kiafrika" ilhali kitenge alichokitumia kimechapishwa mbali na bara hili. Leso nayo, vazi ambalo Waswahili wamelifanya barua kwa kuliandikia majina, ina kisa chake. Zile zenye nembo ya "Mali ya Abdulla", kutoka kwa familia ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, zilibuniwa Mombasa na kuchapishwa India. Wazo lilikuwa letu, na kazi ya kiwandani ikaenda kwingine.

Serikali yenye ndimi mbili

Si kwamba taifa halijajaribu. Mwaka wa 2004 wabunifu walipewa jukumu la kubuni vazi la taifa, katika mpango uliodhaminiwa na kampuni ya Unilever. Vazi likazinduliwa kwa shangwe, kisha likasahaulika. Wananchi hawakulichukia; hawakuliona madukani kwa bei wanayoimudu, wala hapakuwa na kiwanda kilichojipanga kulitoa kwa wingi. Lilikuwa gauni bila kondoo.

Oktoba 2019, watumishi wa umma walitakiwa kuvaa nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa. Lakini Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni katika majengo ya Bunge. Kijana anayesomea ubunifu amuamini nani: anayemwambia abuni vazi la Mwafrika, au anayemfungia mlango akilivaa?

Haki kwa mwanafunzi

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kumtwika mwanafunzi mzigo huu peke yake. Kitambaa cha humu nchini ni adimu kwa rejareja, na anayetaka mita tatu za kujaribia hana uwezo wa kuagiza jora zima. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo hawezi kuambiwa aongeze mwingine ili mwanawe apendeze macho ya majaji.

Aidha, mitumba si adui wa kupigiwa kelele tu. Gikomba, Kongowea na Kibuye huwalisha maelfu ya watu na kuwavisha mamilioni. Mwanafunzi anayefumua koti kuukuu na kulizalisha upya ana jibu halali kwa swali la kitambaa. Wa kulaumiwa ni yule asiyewahi kulifikiria swali lenyewe, na jaji aliyemwacha apite bila kuulizwa.

Basi, la kufanywa ni lipi? Kwanza, karatasi ya alama iongezwe safu moja: asili ya malighafi na gharama ya kulitoa vazi. Mwanafunzi aeleze kitambaa kimetoka wapi, fundi atalipwa kiasi gani, na nani atalinunua.

Pili, viwanda vya nguo vilivyosalia na serikali za kaunti zinazohimiza kilimo cha pamba ziwe wadhamini kwa mali, si kwa mabango. Jora chache zinazogawiwa wanafunzi kabla ya shindano zina faida kuliko hundi ya plastiki inayopigwa picha baadaye.

Tatu, meza ya majaji ipanuliwe. Kando ya mbunifu mashuhuri aketi fundi cherehani mkongwe, mfumaji na mchuuzi anayejua mteja hupapasa nini kabla ya kufungua mkoba. Hao nao wana chimbuko la mawazo la kusimulia.

Nne, zawadi iwe kazi. Kikombe kilimfaa Lagerfeld kidogo. Kilichombadilisha ni ajira kutoka kwa jaji aliyekiona kipaji chake. Jaji anayemsifu kijana jukwaani na kutompokea karakanani hata kwa miezi mitatu amehukumu nusu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Vijana wetu wana mawazo yao wenyewe, na hayo hawajayaazima. Kilichoazimwa ni kitambaa, na deni hilo ni la taifa. Siku ambayo mwanafunzi ataulizwa amekitoa wapi, naye akataja shamba la Busia au la Hola, makofi yatakayopigwa ukumbini yatakuwa na mshahara wa mtu ndani yake.