Odi, odi! Kazi ya mlango kwa mlango ni kazi gani?



Kila mwaka, vakansi kubwa ikianza mwezi wa saba, wanafunzi wengi wa hapa Lubumbashi wanatafuta namna ya kupata feza ya masomo. Kazi iliyo rahisi kupata ni ile ya kufanyia kampuni promosio mlango kwa mlango. Hawakuulizi diploma. Wanakupa triko na kofia yenye jina la bidhaa, mfuko mzito, na karatasi ya kuandika majina ya watu. Asubuhi, baridi ingali kali, shefu wa ekipi anawagawanya: wewe na wewe Katuba, ninyi wengine Kenya. Basi unaanza: "Odi! Odi!"

Wengine wanaicheka kazi hii. Wengine wanaisifu, wanasema ni shule ya maisha. Mimi niliifanya vakansi ya mwaka jana pamoja na rafiki wawili. Tuliuza sabuni ya unga. Nataka kusema wazi neno moja: taabu ya kazi hii si mavumbi, si jua la saa saba, wala si mbwa. Taabu yake ni kwamba kampuni inaweka hasara yake juu ya mgongo wa kijana, tena inatumia uso wake bila kuulipa.

Tuanze na milango yenyewe, kwa maana haifanani. Kule mjini, kwenye nyumba za ukuta mrefu, hauoni mwenye nyumba hata kidogo. Unamuona zamu tu. Zamu anauliza: "Bakuita?" Kama hawakukuita, ndio mwisho wa habari. Lakini Katuba na Kenya lupango nyingi ziko wazi. Mama anaikala inje karibu na mbabula, watoto wanacheza, na wewe unaingia mpaka kwake. Pale hawakufukuzi, ila namna za kukataa ni nyingi. "Mama hayuko," na anayesema vile ni mama mwenyewe. "Pita kesho." "Kuya mwezi ukiisha." Mwingine anakusikiliza nusu saa, anauliza habari za wazazi wako, anakupa maji ya kunywa, na hanunui kitu. Si ubaya. Amekupa heshima. Lakini heshima hailipi takisi.

Sasa tufanye hesabu. Tulipewa franka 300 kwa kila paketi iliyouzwa. Mshahara mwingine haukuwako. Siku moja njema nilipiga odi kwenye nyumba 40, nikauza paketi 11. Ni franka 3.300. Takisi ya kwenda na kurudi ilikuwa 2.000, nayo ilitoka katika mfuko wangu. Zilibaki 1.300, na bado sijala. Siku nyingine, nyumba zilikuwa 40 vilevile, lakini niliuza paketi 6: franka 1.800. Yaani nilitembea tangu asubuhi mpaka magaribi, nikarudi nyumbani na hasara ya franka 200! Mwaka 2018 serikali ya Congo ilipanga mshahara wa chini kabisa kuwa franka 7.075 kwa siku, na tangu pale umeongezwa. Mulinganishe ninyi wenyewe.

Na kampuni, siku ile mbaya, ilipoteza nini? Hakuna. Nyumba 40 zilisikia jina lake. Avenyu nzima iliona triko lake likipita. Watoto walinifuata nyuma wakiita lile jina kwa sauti. Hiyo ndiyo promosio, nayo ilitimia hata kama mama hakununua. Kampuni ikipeleka tangazo kwenye radio, inalipa kila mara tangazo linaposomwa. Radio haiambiwi ingoje kwanza tujue kama msikiaji alinunua. Kwa sababu gani basi mdomo wa mwanafunzi ulipwe tu pale sabuni inaponunuliwa? Radio haina miguu ya kuchoka, haina njaa, na inalipwa mbele yetu.

Jambo la pili ni uso. Kampuni haitutafuti kwa sababu tunajua sana mambo ya sabuni. Inatutafuta kwa sababu tunajulikana. Mama wa Katuba hafungulii kampuni. Anafungulia mwana wa jirani, yule aliyemuona akikua. Mwaka jana tulifundishwa kusema hivi: kila anayenunua paketi mbili anaandikwa kwa tombola, na siku ya mwisho watu watapata beseni na telefone. Tuliandika majina na namba za telefone, karatasi kwa karatasi. Vakansi ikaisha, ekipi ikavunjika, shefu hakushika tena telefone yake, na habari ya tombola hatukuisikia mpaka leo. Wale mama hawajui biro ya kampuni iko wapi. Wanaotujua ni sisi. Mmoja akinikuta sokoni ananiuliza: "We mwana, sabuni ilikuwa muzuri, lakini beseni yangu iko wapi?" Anacheka, lakini swali lake ni la kweli, na mimi sina jibu la kumpa.

Hasara hii ni kubwa kuliko franka 200. Mlango ulioongopewa mara moja unafunguka kwa shida mara ya pili, na haufungwi kwa mwenye sabuni peke yake. Hapa kwetu kuna watu wengine wanaopita nyumba kwa nyumba, kama wale wanaowapa watoto matone ya chanjo ya polio. Nao wanahitaji mama awaamini mlangoni. Kampuni inayocheza na uaminifu wa avenyu inaharibu kitu kisicho chake.

Wazee wetu walijua neno "kazi" kwa maana nyingine. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa kali, na kazi yake ilivunja miili ya watu wengi, hatuisifu bure. Lakini mfanyakazi alikuwa na namba yake, mshahara wake, na posho ya unga kwa ajili ya nyumba yake. Serikali iliitwaa mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kuanzia mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Tangu pale, katika nyumba nyingi kila mutu anatafuta kwa upande wake: mama sokoni, mutoto barabarani. Ndiyo maana kijana akivaa triko la kampuni anafurahi na kusema: "Nimepata kazi." Lakini triko si kontra.

Nasikia mwenzangu akijibu: "Hata hivyo umejifunza." Ni kweli. Nilijifunza kusalimia mutu mzima kwa utaratibu, kuongea bila kutetemeka, na kujua mapema ni nani atanunua na ni nani anapitisha wakati. Sikatai. Ila hata fundi seremala anayemfundisha kijana hamwambii alipe misumari. Kujifunza hakuondoi haki ya kulipwa.

Kwa hiyo, wenzangu mutakaotafuta kazi hii, muulize mambo matatu mbele ya kuvaa triko. La kwanza: nalipwa kiasi gani kwa siku, hata kama sikuuza? La pili: feza ya takisi inatoka kwa nani? La tatu: mnunuzi akirudi na lawama, ni nani atamjibu, na biro yake iko wapi? Majibu yaandikwe. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka kontra ya kazi iandikwe. Na kama haikuandikwa, mfanyakazi anaweza kuonyesha kwa njia nyingine kwamba kazi ilikuwako. Basi muchunge kila karatasi na kila ujumbe wa telefone. Shefu akikasirika kwa sababu umeuliza, amekwisha kukujibu.

Nanyi wazazi na majirani munaofungua milango, tunawaomba neno dogo. Kama hamutaki kununua, museme "hapana" mapema, kwa upole. Musimwambie kijana "pita kesho" kama kesho pia hamutanunua. Kesho ile ina bei ya takisi.

Hayo ndiyo mawazo yangu. Wako wenzetu waliofanya kazi hii kwa namna nyingine, na labda wengine walipata faida ya kweli. Waandike nao, tuwasome katika namba inayokuja.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Commerciale