Masako Katsura na tufe tatu



Juma hili tutazungumza juu ya mchezo, na juu ya mwanamke aliyeufanya mchezo huo kuwa kazi ya maisha yake. Najua ya kuwa wengine wenu watakunja uso wakisikia neno biliadi. Watasema: «Je, mwalimu amekosa habari nyingine? Huo si mchezo wa wanaume katika nyumba za pombe?» Ni kweli, mara nyingi meza ya biliadi huwekwa karibu na chupa. Lakini meza haina kosa. Kisu kimoja hukata nyama ya watoto, tena chaweza kumjeruhi mtu. Kosa ni la mkono unaokishika. Basi nawaomba subira. Someni mpaka mwisho, kisha mtoe hukumu yenu.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Biliadi ina jamaa nyingi. Waingereza wana meza kubwa yenye tufe 22. Warusi wana biliadi yao iitwayo piramida: tufe zake ni kubwa, zenye upana wa milimita 68, na matundu ya meza ni membamba hata tufe hupita kwa shida. Wamarekani hupenda meza yenye matundu sita na tufe za rangi nyingi, na mchezo huo huitwa puli. Lakini biliadi tunayoisema leo haina tundu hata moja. Ina tufe tatu tu juu ya meza iliyofunikwa kitambaa, na kingo za mpira pande zote nne. Wabelgiji wanaujua sana mchezo huo. Raymond Ceulemans, mtu wa kwao, alianza kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1963.

Sheria yake yasemwa kwa maneno machache. Mchezaji huipiga tufe yake kwa ncha ya fimbo, nayo yapasa kuzigusa zile mbili nyingine. Lakini kabla haijaigusa ya pili, sharti iwe imekwisha kugonga kingo za meza mara tatu au zaidi. Akifaulu, apata alama moja na kupiga tena. Akikosa, huketi, na mwenzake husimama. Wanafunzi mnaosoma hesabu za pembe mtaelewa upesi ugumu wake. Mchezaji hana budi kupima pembe kwa jicho, nguvu kwa mkono, na mzunguko wa tufe kwa ncha ya fimbo. Kosa la unywele mmoja mwanzoni huwa kosa la shubiri mbili mwishoni.

Haya, tumtazame sasa yule mwanamke. Jina lake Masako Katsura. Alizaliwa Tokyo, mji mkuu wa Japani, mwaka 1913. Alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifariki. Mtoto akaenda kukaa kwa dada yake mkubwa, na shemeji yake alikuwa na nyumba ya biliadi. Tena Masako alikuwa mtoto dhaifu, mwenye kuchoka upesi. Mama yake akawaza moyoni: huyu akizungukazunguka ile meza, akiinama na kuinuka, labda mwili wake utapata nguvu. Hakutafuta sifa wala fedha. Alitafuta afya ya mwanawe. Ndivyo mambo makubwa yanavyoanza mara nyingi, kwa shauri dogo la mama.

Msichana akaipenda ile fimbo. Alipokuwa na miaka 14 alifanya kazi katika nyumba ile ya shemeji yake, akiwahudumia wachezaji. Kazi ikiisha, alijizoeza. Mitaani wasichana wenzake walikuwa na michezo yao. Yeye alirudia pigo moja mara nyingi, kisha akaanza tena. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na miaka 15, alishinda mashindano ya wanawake wa Japani katika ule mchezo mwepesi zaidi wa tufe tatu, usiodai kugonga kingo. Hata wadogo zake wawili walimfuata, nao walipata ushindi huo katika miaka mingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wazee wetu. Na yeyote aliyewahi kumwona mchezaji wa biliadi ajua ya kuwa huyo huinama kweli kweli.

Baada ya hapo alizunguka nchi yote ya Japani, akavuka bahari hata Uchina na kisiwa cha Formosa, ambacho leo huitwa Taiwan. Lakini ukomo wa mashindano ya wanawake haukumtosha. Bingwa mmoja wa Japani, Kinrey Matsuyama, alimkubali kuwa mwanafunzi wake na kumfundisha ule mchezo mgumu wa kingo tatu. Masako akaingia katika mashindano ya taifa lake pamoja na wanaume, na mara tatu alishika nafasi ya pili. Yasimuliwa pia ya kuwa siku moja, mbele ya watazamaji, alipata alama 10,000 mfululizo katika ule mchezo mwepesi, akiziongoza tufe kuizunguka meza mara 27, kwa muda wa saa nne na nusu. Fikirini, wanafunzi wangu, ninyi mnaochoka na hesabu moja baada ya robo saa!

Vita kuu ikaja, ikapita. Japani ikashindwa, na askari wa Marekani wakajaa Tokyo. Masako alionyesha ustadi wake mbele ya askari hao. Mmoja wao, Vernon Greenleaf, alivutwa na uchezaji wake, akaanza kujifunza kwake. Mwanafunzi akampenda mwalimu. Wakaoana mwaka 1950. Mwishoni mwa mwaka 1951 mume akahamishwa kurudi kwao, naye mke akafuatana naye hata jimbo la California. Alifika nchi ya ugenini, Kiingereza chake kidogo, jina lake halijulikani ila kwa wachache.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo habari yetu inapofika penye uzito. Wakati huo mashindano ya dunia ya kingo tatu yalikuwa ya wanaume tu. Hapakuwa bado mwanamke aliyeshindana humo kwa cheo cha bingwa wa dunia. Tena yalikuwa karibu kufanyika San Francisco, mwezi wa Machi 1952. Mtu aliyeyasimamia alikuwa Welker Cochran, mwenyewe bingwa wa zamani wa dunia. Alikuwa amesikia sifa za mwanamke huyo wa Japani, na mwanawe aliyekuwa mwanajeshi wa majini alimthibitishia. Je, afanye nini? Angeweza kucheka. Angeweza kusema kama wengi wasemavyo: «Ni mwanamke, ni mdogo, ni mgeni, atatuharibia mashindano.» Kwa maana kimo chake kilikuwa kama mita moja na nusu, na uzito wake karibu kilo 40.

Cochran hakucheka, wala hakukubali kwa maneno matupu ya sifa. Alimtaka acheze mbele ya macho yake. Akamtazama akipata alama kwa mamia bila kukosa, akamtazama katika mchezo wa kingo tatu, akaridhika. Ndipo akamwita mashindanoni. Tafakarini jambo hili, hasa ninyi mliopewa madaraka ya kuchagua watu: wakuu wa shule, wasimamizi wa kazi, wazee wa jamaa. Haki haitaki zaidi ya hivyo. Mpe mtu kazi, tazama mikono yake, kisha amua. Anayemkataa mtu kabla ya kumpima hujiibia mwenyewe. Na anayempokea bila kumpima humwibia yule mtu heshima yake, kwa sababu watu watasema alipendelewa.

Mashindano yakafunguliwa. Wachezaji walikuwa kumi: wanaume tisa na mwanamke mmoja. Magazeti yakaandika sana juu ya gauni lake na viatu vyake vyenye visigino, kana kwamba gauni ndilo lililoshika fimbo. Yeye alijibu kwa tufe. Katika mechi zake alishindwa, tena alishinda. Aliomshinda mmoja alikuwa Ray Kilgore, kwa tofauti ndogo, na watu wakampigia makofi mengi. Msidhani Kilgore alikuwa mtu wa kuchezewa. Mwaka uliofuata, 1953, ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Mwisho wa mashindano ya 1952 kikombe kilikwenda kwa mzee Willie Hoppe, mwenye miaka 64, ambaye kisha aliacha mashindano kwa heshima. Masako alishika nafasi ya saba.

Nafasi ya saba! Wengine watasema: «Mwalimu ametupeleka mbali kutuonyesha mtu wa saba?» Naam. Kwa maana mwaka 1953 alikuwa wa tano. Na mwaka 1954, mashindano yalipofanyika Argentina, alikuwa wa nne, na bingwa akawa kijana Harold Worst. Saba, tano, nne: someni hesabu hiyo polepole. Kila mwaka alipanda. Hakupewa alama hata moja ya bure kwa kuwa ni mwanamke, wala hakuomba. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa sikilizeni sehemu ya huzuni. Baada ya miaka hiyo, biliadi ya namna ile ilipungua nguvu katika Marekani. Watu waliacha kuitazama. Ngazi aliyokuwa akiipanda Masako iliondolewa chini ya miguu yake alipokuwa bado na nguvu. Mwaka 1961 alishindana na Harold Worst peke yao wawili, Worst akashinda. Kisha Masako akajitenga na mashindano. Mwaka 1967 mume wake alifariki. Hawakuwa na mtoto. Miaka ikapita, jina lake likasahauliwa na wengi.

Mwaka 1976, katika nyumba moja ya biliadi huko San Francisco, mwanamke mwenye miaka 63 aliingia. Akaazima fimbo ya mtu mwingine. Akainama mezani, akapata alama 100 katika ule mchezo wa utoto wake bila kukosa hata mara moja. Akatabasamu, akawainamia watu kwa adabu ya kwao, akaenda zake. Kumbe mikono haikusahau! Baadaye alirudi Japani, akafariki huko mwaka 1995.

Je, mlango alioufungua ulifungwa tena? Kwa muda mrefu ulifanana na mlango uliofungwa. Lakini mwaka 2004 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake katika mchezo wa kingo tatu, huko Hispania. Nani alishinda? Orie Hida, mwanamke wa Japani. Na katika ile biliadi ya matundu sita, mabinti wa nchi nyingi wamejipatia jina: Rubilen Amit wa Filipino alitwaa ubingwa wa dunia wa tufe kumi mwaka 2009 na mwaka 2013, tena Kristina Tkach, binti wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1999, alikuwa angali kijana alipokwenda kushindana na wakubwa wa Ulaya. Hawa walikuta njia imekwisha kulimwa. Masako aliikuta msitu.

Wazazi wapenzi, siwaambii muwanunulie watoto wenu meza ya biliadi. Bei yake yawashinda, na yanishinda mimi pia. Nawaambia neno jingine. Nyumbani mwenu yupo pengine binti dhaifu, mkimya, ambaye mkono wake una ustadi fulani: wa kushona, wa kuhesabu, wa kuchora, wa kutengeneza vyombo vilivyovunjika. Kaka zake humcheka. Jirani huuliza: «Vitamfaa nini, naye ataolewa tu?» Nanyi mwanyamaza. Mama wa Masako hakunyamaza. Shemeji yake hakumfukuza mezani. Matsuyama hakumnyima mafundisho. Cochran hakumfungia mlango. Watu wanne walimpa nafasi, kila mmoja kwa wakati wake, na kama mmoja tu angekosekana, tusingekuwa na habari ya kuwasimulia leo.

Nanyi wanafunzi wasichana, yashikeni haya mawili. La kwanza: nafasi mtakayopewa haitawasaidia kitu kama mikono yenu haijazoea kazi. Siku Cochran alipomtaka Masako aonyeshe uwezo wake, alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kujizoeza nyuma yake. Hakuanza kujifunza siku ile. La pili: msijipime kwa kikombe tu. Huyu hakutwaa kamwe ubingwa wa dunia. Lakini mtu aliyetoka nafasi ya saba hata ya nne, mbele ya macho yaliyotazama viatu vyake, hakushindwa.

Na ninyi wavulana? Mkumbukeni Ray Kilgore. Alishindwa na mwanamke mbele ya watu wengi, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Kushindwa kwa haki na dada yako hakukupunguzii kitu.

Kwa herini, wasomaji wapenzi, hata juma lijalo.